Tunasoma Qur'an, Tunakimbilia Wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, kila Ramadhani swali linalosikika misikitini na maofisini ni hili: "Wewe umefika juzuu ya ngapi?" Nami ni miongoni mwa waulizaji. Mwaka mmoja nilihitimisha msahafu mara tatu, na nikahakikisha kila mwalimu mwenzangu amepata habari. Shule zilipofunguliwa baada ya Idi, mwanafunzi wa kidato cha pili akaniuliza: "Ustadhi, katika hizo mara tatu, ni aya gani iliyokugusa?" Nilitafuta jibu, sikupata. Nikamwambia Qur'an yote inagusa. Lilikuwa jibu sahihi, na lilikuwa la kukwepa.

Allah (SW) katika Surat Muzzammil (73:4) anamuamrisha Mtume wake aisome Qur'an kwa utaratibu, na katika Surat Bani Israil (17:106) anabainisha kuwa ameigawa ili watu wasomewe kwa kituo. Iliteremka kwa takriban miaka 23. Sisi tunataka kuimaliza kati ya Isha na daku! Imam Malik katika Muwatta amepokea kwamba Abdullah bin Umar (RA) alikaa miaka minane akijifunza Surat Baqara. Na huyo Kiarabu kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Abu Dharr (RA) naye amesimulia kuwa Mtume (SAW) alisimama usiku akiikariri aya moja tu (5:118) mpaka kukapambazuka.

Sisemi kuhitimisha ni vibaya, asije mtu akanilisha maneno. Ugomvi wangu ni na kuhesabu kurasa.

Basi nikajaribu. Kila baada ya Alfajiri, ukurasa mmoja, na pembeni tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy pamoja na maelezo yake. Nilianza na Surat Yusuf, aya 111, sura ninayoisoma tangu nikiwa mtoto wa chuoni. Hapo ndipo nilipoiona kanzu. Ndugu wanamletea baba yao kanzu yenye damu ya uongo (aya 18). Huko Misri kanzu ya Yusuf inachanwa kwa nyuma, na mchano ule ndio unaomtoa hatiani (aya 25 hadi 28). Mwishoni anatuma kanzu yake, anawekewa mzee Yaaqub usoni, anaona tena (aya 93 na 96). Kanzu ilimliza, na kanzu ikamrudishia macho. Baadhi ya wafasiri wanaeleza kuwa Yaaqub aliitilia shaka ile ya kwanza kwa kuwa haikuchanika: mbwa mwitu gani anamla mtu bila kuharibu nguo yake? Nilicheka peke yangu kwenye mswala, kisha nikaona haya. Zaidi ya miaka ishirini nimepita hapo bila kusimama.

Masheikh wetu wa pwani walilijua hili. Safinatun Najah ni kijitabu chembamba, mtu anakimaliza jioni moja. Lakini katika darsa sheikh huchukua ibara moja, akaifasiri neno kwa neno, miezi ikapita. Leo vijana wanasoma ili wapate hoja tano za kujibia mtihani, na sisi walimu wa somo hili tumechangia, tena sana.

Sasa kila Ijumaa baada ya swala nakaa na wanafunzi wachache, yule mwulizaji akiwemo. Sura ni hiyo hiyo. Wiki ya tatu tuko pale wafungwa wawili wanapotaka tafsiri ya ndoto zao, na Yusuf kwanza anawaeleza habari ya Mungu Mmoja (aya 36 hadi 41). Kijana mmoja anashikilia kuwa aliwachelewesha makusudi, kwa sababu mmoja wao alikuwa anakwenda kuuawa, akataka asiondoke mikono mitupu. Sijamjibu. Tumeweka alama hapo hapo, tutaendelea Ijumaa ijayo inshaallah.

Wabillahi tawfiq.