Wibari na Likeni Juu ya Mwamba

Jumatano

Soma Mithali 30:24–28 na Zaburi 104:18. Kwa nini wibari amehesabiwa kuwa na akili, ingawa ni mnyonge?

Wibari ndiye pimbi. Huishi katika Jangwa la Yudea na Sinai, na pia kwenye vilima vya mawe vya mkoa wa Simiyu. Mtu wa Mkula apitaye karibu na mawe hayo asubuhi humwona akiota jua, kwa kuwa mwili wake haumudu vizuri kutunza joto. Hana makucha ya kuchimbia shimo. Lakini nyayo zake laini zenye unyevu hushika jiwe, na mlinzi akipiga kelele kwa kumwona tai, kundi zima hukimbilia katika nyufa. Kwa sheria ya Walawi 11:5 haliwi, hata hivyo Mungu amemfanya mwalimu.

Juu ya jiwe hilohilo kuna madoa ya kijivu na ya machungwa. Hiyo ni likeni: kuvu na mwani vinavyoishi kama kiumbe kimoja. Kuvu hushika jiwe na kutunza unyevu. Mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Haina mizizi. Hunywa mvua na umande unaoifikia. Wakati wa kiangazi hukauka kana kwamba imekufa. Ikilowa, huamka tena.

Pimbi hushuka kutafuta majani, kisha hurudi mbio hatari inapotokea. Likeni hukaa palepale.

Mvua zinapokatika na mahindi kukauka kabla ya kukomaa, waumini hukimbilia maombi kama pimbi, na Mungu hamfungii mtu ufa wa mwamba. Jaribu lenyewe huja baadaye, maombi yakiisha na mbingu zikiwa bado kavu. Baba mwenye watoto wenye njaa hujiuliza kama Sabato aende kusali au aende kutafuta kibarua. Kwake neno la Yohana 15:4, la kukaa ndani ya Kristo, ni zito.

Lakini hata likeni haikai peke yake. Mmoja hushika, mwingine hulisha. Kumwambia baba huyo avumilie, huku ghala la jirani yake kanisani lina chakula, ni kumwacha nusu likeni juu ya jiwe kavu (Wagalatia 6:2).

Katika darasa lenu, ni nani hajaonekana tangu mvua zilipokatika? Nani atamtembelea kabla ya Sabato ijayo, na mkononi atabeba nini?