Imani Thabiti na Chombo Kisichovuja

Waingereza wana neno staunch, walitumialo kumsifu mtu ashikaye sana yale aliyoyaamini. Asili yake ni Kifaransa cha kale, na hapo kwanza lilitajwa kwa chombo cha baharini, maana yake kisichopenya maji. Katika karne ya 17 ndipo lilipoanza kutumiwa kwa watu.

Twaupenda mfano huu. Watu wa pwani wamemwona fundi wa jahazi akitia kalafati, akipigilia pamba iliyolowa mafuta kati ya mbao, ufa kwa ufa, hata maji yasipate njia. Je, afanya hivyo ili chombo kikae mchangani? La, ni kwa ajili ya safari. Chombo kizima hugeuza tanga, na upepo ukiwa wa mbele hubisha, yaani huenda mshazari upande huu na upande huu hata kifike. Jiwe la ufuoni nalo halivuji, lakini hakuna aliyepanda jiwe akafika Unguja.

Twasema haya kwa kuwa mambo hayo mawili huchanganywa katika sharika zetu. Tulipata kuketi katika baraza la wazee, na mmoja akasimama akasema kwamba hatageuka hata kufa, kwani imani yake ni ile aliyobatiziwa. Watu wakanyamaza kwa heshima. Na neno lililokuwa likijadiliwa lilikuwa saa ya kupiga kengele! Nasi tuliocheka moyoni, tulipofika nyumbani tulijiona tuna kengele zetu wenyewe.

Basi tumwangalie Martin Luther, ambaye jina lake twalitaja upesi sana tukitaka kushupaa. Tarehe 17 Aprili 1521, katika mji wa Worms, aliulizwa mbele ya Kaisari kama atayakana aliyoyaandika. Hakujibu papo hapo. Aliomba muda wa kufikiri, akapewa siku moja. Kesho yake alikiri kwamba katika baadhi ya vitabu vyake alikuwa mkali kupita ilivyompasa. Kisha akakataa kuyakana, isipokuwa ashindwe kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Hivyo alionyesha mlango ambao mtu angeweza kuingia ili kumgeuza. Mshupavu hana mlango wa namna hiyo; mwulize ni neno gani lingembadili, naye atakasirika.

Tena tusifiche lililotokea baadaye. Mnamo Oktoba 1529, huko Marburg, Luther aliandika kwa chokaa juu ya meza maneno ya Bwana juu ya mwili wake. Yeye na Zwingli walipatana katika makala 14 kati ya 15. Ya mwisho, ya Chakula cha Bwana, ikawatenga, na Luther akakataa kumhesabu mwenzake kuwa ndugu. Fundisho lile nasi twalishika. Lakini ule mkono ulionyimwa watusumbua hata leo.

Mwaka 1973, baada ya miaka 444, makanisa mengi ya Ulaya ya Kilutheri na yale yafuatayo njia ya Zwingli na Calvin yalipatana huko Leuenberg, Uswisi, kushiriki meza moja. Wako wasemao kwamba hapo maji yaliingia chomboni. Sisi twadhani ilikuwa ni kubisha, tena kwa muda mrefu sana.