Mpangaji wa Mpangaji

Jumamosi moja asubuhi waligonga mlango watu wawili, dada mmoja na kijana aliyeshika faili. Nilikuwa bado na mswaki mdomoni. Dada akauliza jina la mpangaji, nikalitaja. Si langu. "Na wewe ni nani kwake?" Nikajibu bila hata kufikiri: "Ni mjomba wangu." Akaandika, akashukuru, wakapanda ngazi kwenda ghorofa ya juu.

Nyumba ninayoishi ni ya umma. Sitasema ni ya shirika gani wala mtaa gani, ila ni Dar, katikati ya mji, jengo la zamani lenye kuta nene na ngazi zilizolika kwa miguu ya watu. Mkataba una jina la mzee mmoja mstaafu, ambaye miaka mingi sasa anaishi kwake Mbagala. Mimi namlipa yeye miezi sita kwa mpigo, yeye analipa shirika. Siku moja ankara ilipenyezwa chini ya mlango nikaisoma (mwandishi wa habari haachi karatasi ikalala sakafuni). Kumbe namlipa karibu mara tatu ya anacholipa yeye. Na mkataba wake unakataza kumpangisha mtu mwingine.

Sasa, nilidanganya? Unaweza kucheka, lakini swali hili limenikosesha usingizi. Mjini kwetu mjomba ni kila mwanaume aliyekuzidi umri na ambaye hujui jina lake, au unalijua lakini adabu haikuruhusu kulitaja. Mzee huyu namwita mjomba tangu siku dalali alipotukutanisha. Nilipolazwa mwaka juzi alikuja na machungwa, akakaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Ndugu zangu wa damu wengine hawakupiga hata simu. Kwa hiyo neno lenyewe halikuwa la uongo. Tatizo ni kwamba yule dada hakuniuliza namwitaje. Aliuliza ruhusa yangu ya kulala pale inatoka wapi, nami nikatoa neno la heshima kana kwamba ni kitambulisho.

Nyumba hizi za umma zina historia yake, na ndiyo inayonibana zaidi. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa hoja kwamba kuishi kwa kodi ya mwenzako ni kumnyonya. Mwaka 1971 serikali ikaenda mbali zaidi, ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Wengi wa walionyang'anywa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wapo waliobaki kuwa wapangaji katika majengo waliyokuwa wakiyamiliki. Iwe ilikuwa haki au dhuluma (mimi naona ilikuwa na yote mawili), familia zile zilibeba hasara ili kodi isiwe mtaji wa mtu mmoja. Halafu leo mjomba wangu anakula kodi ya jengo la umma, tena bila kumiliki hata tofali.

Kiswahili kimetusaidia kuona aibu kidogo. Ukitaka kurithi upangaji wa mtu, hasa fremu ya duka, unampa "kilemba". Kule Mumbai malipo ya namna hiyo yanaitwa "pagdi", ambayo nayo maana yake ni kilemba. Na kilemba kwetu ni heshima: anayehitimu kwa fundi humpa mwalimu wake kilemba, bwana harusi huwapa kilemba wakubwa wa bibi harusi. Ukiulizia bei ya kitu kisichouzwa, neno hilo linakufanya uonekane umekwenda kuposa.

Nilimuuliza mzee, kwa kuzungukazunguka kama inavyopasa. Akanielewa haraka. "Mwanangu, bomba za humo ndani nimebadilisha mimi. Rangi mimi. Maji yalipokuwa hayapandi, nani alibeba ndoo? Pensheni unaijua." John Locke angemsikiliza kwa makini, alishasema jasho la mtu likichanganyika na kitu, kitu kinakuwa chake. Lakini Locke aliweka sharti watu hupenda kulisahau: wengine wabakiziwe cha kutosha, tena kizuri vilevile. Katikati ya Dar hakijabaki.

Ndiyo maana sioni kwamba aliyedhulumiwa hasa ni shirika. Shirika linapata kodi yake kila mwezi, tena kwa wakati. Aliyedhulumiwa ni mtu ambaye barua yake ya maombi iko kwenye kabati fulani: labda nesi anayepanda daladala mbili alfajiri, labda mwalimu mwenye watoto watatu na chumba kimoja. Mtu huyo hana sura. Mzee anayo, na ameniletea machungwa. Kila nikijaribu kuwapima kwenye mzani mmoja, mwenye sura anashinda, na najua kabisa kwamba kupima hivyo si haki.

Tena mimi si shahidi tu. Nikihama kwa usafi wa moyo, mzee atapata mpangaji mwingine kabla sijafunga mabegi. Hoja hiyo nilikuwa naitumia sana, mpaka nilipogundua kwamba inamfaa kila mtu anayekula asichostahili. Mwezi uliopita mhariri alitaka habari juu ya wapangaji wa nyumba za umma wanaopangisha wengine. Nikasema niko bize na ya maji. Akampa mwenzangu, ambaye alinipigia kuuliza kama namfahamu yeyote anayeishi hivyo, akubali kuongea bila kutajwa jina. Nikamwambia nitamtafutia.

Sijamtafutia. Mzee alisikia habari za ukaguzi, na tangu hapo kwenye simu haniiti tena "mwanangu", ananiita "mpwa wangu". Sikukuu ya Idi alinitumia pilau kwenye hotpoti. Wiki iliyofuata alinikumbusha, kwa upole wake wote, kwamba miezi sita imekwisha.