Msiba usio na matanga

Wiki hii jirani yetu karudi kutoka hospitali mikono mitupu. Mimba ilikuwa imefika miezi tisa. Mkoba wa kwenda nao kujifungua ulishapangwa zamani: kanga mpya, vinguo, kofia ya sufu. Mtoto akazaliwa kimya. Tukaenda kumwona kama ilivyo desturi, mmoja na chupa ya uji, mwingine akamchemshia maji ya kuoga. Hakuna aliyejua aseme hongera au pole, na kila aliyefungua kinywa alisema lile lile: usilie mwaya, wewe bado mdogo, Mungu atakupa mwingine.

Nilimfuata mama mkwe wake uani, nikamwamkia, nikamweleza kwamba kipo kikundi cha akina mama waliopoteza watoto, wanakutana zahanati chini ya muuguzi mmoja, na kwamba mkwewe akipata nguvu nitampeleka mwenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, ya ndani ni ya ndani. Akawaeleze watu baki ili iweje? Kulia si ameshalia? Atulie, arobaini iishe, azae tena."

Sikumjibu. Mkubwa habishiwi katika nyumba yenye majonzi, na najua hakusema kwa ubaya. Wanawake wa umri wake wengi walizika watoto kama huyu, wakarudi shambani, na hakuna aliyewauliza neno. Lakini kauli ile imenikaa moyoni tangu siku ile, na najua si yake peke yake.

Kila mwaka duniani huzaliwa watoto karibu milioni 1.9 wakiwa tayari wamekufa, tukihesabu tu mimba zilizofika wiki 28 na zaidi. Karibu nusu yao ni wa huku kwetu, Afrika kusini mwa Sahara. Kwa hiyo si tukio la ajabu. Pita mtaa wowote, utamkuta mama wa mtoto huyo. Ila msiba wake hauna matanga. Haupigwi turubai, hakuna daftari la rambirambi, wala hawatoki ndugu mikoani. Wanaume wawili watatu wanambeba mtoto, wanamzika, wanarudi. Jioni maisha yanaendelea na mama amelala kaelekea ukutani, watu wanasema anapumzika.

Mimi ni mmoja wa mama hao. Wangu alikuwa wa kike, na ni miaka mingi sasa. Nilipelekwa kwenye kikundi na muuguzi aliyeniona nimekaa kwenye benchi la zahanati nimesahau nilichofuata. Sheria ya kwanza pale ilikuwa kwamba kinachosemwa chumbani kinabaki chumbani, kwa hiyo mambo ya wenzangu nayaacha huko huko. La kwangu naweza kulisema.

Siku ya tatu baada ya mazishi, maziwa yalijaa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yatakuja hata kama mtoto hayupo. Matiti yakawa magumu, yakauma, gauni likalowa mbele ya wageni waliokuja kunipa pole. Nikajifunga kanga kifuani, nikakaza hadi nikashindwa kuvuta pumzi vizuri, nikakaa hivyo nikiona aibu kana kwamba nimetenda kosa. Sikumwambia mume wangu. Sikumwambia mama yangu mzazi. Mara ya kwanza kulitamka ilikuwa pale kwenye kikundi, nimeinamisha uso natazama sakafu na miguu ya kiti cha plastiki cha jirani yangu. Nilipoinua macho, wote walikuwa wanaitikia kwa kichwa. Kila mwanamke aliyekuwa mle ndani alishajifunga kanga ile.

Daktari angeweza kunieleza kwa nini maziwa hutoka, na angesema kweli. Mama yangu angenikumbatia. Lakini aibu ile ilitaka mtu aliyewahi kuibeba, na mtu huyo hapatikani kwa cheo wala kwa ukoo. Tangu siku ile niliacha kujiona kituko. Kilio kilibaki palepale, nilikuwa namlilia mwanangu na bado namlilia, ila sikuwa tena nalia huku najificha.

Kuna jambo la pili, na naona ndilo kubwa zaidi. Baada ya muda alijiunga mama mwingine, akakaa pembezoni, hasemi. Nikamwuliza swali ambalo nami niliwahi kuulizwa mle mle: mtoto ulimpa jina gani? Sitasimulia alichojibu. Nasema tu kwamba niliporudi nyumbani siku hiyo nilipika, nikala. Tangu nifiwe nilikuwa mtu wa kupewa tu: napewa pole, napewa uji, naombewa dua. Siku ile na mimi nilikuwa nimempa mtu kitu. Aliyeumia akigundua kwamba maumivu yake yanaweza kumfaa mwenzake, hapo ndipo mgongo wake huanza kunyooka, na nafasi hiyo huwezi kuipata ukiwa umekaa peke yako mbele ya mtaalamu, hata awe mzuri kiasi gani.

Najua nitaambiwa: vikundi tunavyo tele. Tuna vikoba, tuna upatu, tuna jumuiya ndogondogo, tuna kwaya, tuna madrasa za akina mama. Ni kweli, na namshukuru Mungu kwa hivyo vyote. Mwenzetu akifiwa na mume, kikoba kinatoa mchango kabla jua halijazama. Lakini jaribu kusimama kwenye kikoba useme kwamba unapopita duka la nguo za watoto magoti yanalegea. Watakwambia ujikaze, watakwambia umshukuru Mungu, watakutolea mfano wa fulani aliyepoteza watatu, kisha wataendelea na marejesho. Siwalaumu, hawakukutana kwa ajili hiyo. Kikundi ninachokisema kimekutana kwa ajili hiyo tu. Watu hawazidi kumi. Siku ni ile ile, saa ni ile ile. Msimamizi amefundishwa kazi yake: anajua kumzuia anayetaka kuhubiri, na anajua kumwacha anayelia alie bila kumfutia machozi haraka haraka. Hakuna kupima msiba wa nani mkubwa. Na hakuna anayetoka bila jambo dogo la kufanya kabla ya wiki ijayo, pengine kwenda kaburini, pengine kuufungua ule mkoba, pengine kumwambia mume neno moja ambalo hajawahi kumwambia. Ukirudi unaulizwa lilikwendaje.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Basi watazame Uganda. Mwaka 1987, siku ambazo mgonjwa wa UKIMWI alikimbiwa hata na ndugu zake, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe Januari ya mwaka huohuo, alianzisha shirika la TASO la kuwasaidia wagonjwa hao, pamoja na wenzake wachache, wengi wao wakiishi na virusi wenyewe. Walianza kwa kukutana na kufarijiana. Miaka miwili baadaye hapa Dar es Salaam likazaliwa shirika la WAMATA kwa moyo huohuo. Hao hawakumsubiri mtaalamu kutoka ng'ambo aje kuwafundisha kuketi pamoja.

Na anayetaka ushahidi wa kitafiti, upo jirani sana. Mwaka 2002, katika baadhi ya vijiji 30 vya Masaka na Rakai vilivyofanyiwa utafiti (Rakai ya siku hizo ilipakana na Kagera yetu), watu wenye dalili za sonona waliwekwa kwenye vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Waliowaongoza walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Walikutana dakika 90 kwa wiki, kwa wiki 16, wakazungumza kuhusu vifo, ugomvi wa nyumbani na maisha yaliyobadilika ghafla. Mwanzoni, zaidi ya 80 katika kila 100 walikuwa na sonona, katika vijiji vyenye vikundi na visivyo navyo. Mwishoni, kati ya waliokuwa kwenye vikundi, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5 tu. Wale wa vijiji ambavyo havikupata vikundi, asilimia 54.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi ili itumike popote. Mtu akiniambia baada ya hapo kwamba hii ni soga ya wanawake wasio na kazi, namwomba aende Rakai.

Hoja ninayoiheshimu ni ya siri. Mtaani tunajuana, na neno likitoka halirudi. Ndiyo maana mwanamke asilazimishwe kujiunga na kikundi cha mtaa wake, aende hata cha kata ya pili. Ndiyo maana pia msimamizi anapaswa kumwondoa mara moja anayebeba maneno, hata kama ni shoga yake. Na yupo ambaye kikundi si mahali pake pa kuanzia: aliyeacha kula kabisa, anayesema anataka kumfuata mtoto. Huyo apelekwe kwa daktari leo, kikundi kitamngoja. Lakini hofu ya umbeya isitufanye tumfungie mtu ndani na kilio chake. Umbeya uko nje tayari. Wanaouliza kwa nini mtoto alikufa, mama alikula nini, alimkosea nani, hawakuhitaji kikundi ili waanze.

Nao akina baba? Mume wa jirani yetu ndiye aliyembeba mtoto, akashuka naye kaburini, na keshokutwa yake alikuwa kwenye bodaboda anatafuta riziki. Salamu zote anazopewa ni "mama watoto anaendeleaje?" Naye amefiwa. Masaka na Rakai wanaume walikaa kwenye vikundi vyao, wakazungumza, wengi wakapona. Wa kwetu hawakuumbwa kwa udongo mwingine.

Ninachokitaka si kikubwa. Mama aliyejifungua salama hatoki wodini bila kadi yenye tarehe za kurudi: mtoto apimwe uzito, achanjwe, mama naye atazamwe. Aliyefiwa na mtoto hutoka na dawa za maumivu na maneno ya "pole, mama". Naye apewe tarehe. Iandikwe kwenye kadi yake kwamba siku fulani, saa fulani, kuna wenzake wanakutana, na aliyemzalisha amweleze kwa mdomo wake kwamba wote watakaokuwepo wamefikwa na lililompata. Akisema hataki, asilazimishwe, aulizwe tena baada ya mwezi. Chumba kimoja cha zahanati kinatosha, na muuguzi mmoja au afisa ustawi wa jamii wa kata anaweza kufundishwa kazi hii. Wauguzi wakinisikia kwa moja tu, iwe hili: wasiwapangie mama hawa siku ya kliniki ya watoto.