Kati ya Taire na Tuone

Jioni pale Rubwera, wilayani Kyerwa, kahawa ikishaanuliwa na maturubai kukunjwa, wanaume hukaa na karata. Mchezo ni arobastini, na maneno yake ni machache: kopa, shupaza, uru, pau. Nimeyasikia tangu utotoni bila kuuliza yalikotoka. Asili yake ni Kireno. Copas ni vikombe, espadas ni panga, ouros ni dhahabu, paus ni magongo. Wareno waliyaacha pwani, yakapanda bara, na leo kijana wa Kyerwa asiyewahi kuiona bahari anatupa karata yenye mchoro wa moyo na kuiita kikombe, wala haoni ajabu.

Vikombe, panga, dhahabu na magongo ndiyo makundi manne ya karata za tarot, zile ambazo Wazungu huzitumia kuagulia. Seti yake ina karata 78: 56 za makundi hayo manne, na 22 za picha kubwakubwa kama Mjinga, Mfalme, Mnara, Aliyetundikwa na Kifo. Zilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na zilianza kama mchezo tu. Zilichezwa hivyo kwa muda wa karne tatu, mpaka Ufaransa ya karne ya 18 ilipozigeuza ramli. Mwaka 1781 Antoine Court de Gébelin alidai kwamba ndani yake imefichwa hekima ya Misri ya kale, dai ambalo hakulithibitisha. Anayejua Kiswahili hashangai, kwa kuwa kwetu anayecheza bao yuko barazani na anayepiga bao yuko kwa mganga, na bao ni neno moja.

Nimeanza mbali hivi kwa sababu ya aina fulani ya kitabu. Wapo waandishi wa ughaibuni wanaosimulia maisha yao kwa kuyapanga katika karata za tarot, kila sura na karata yake, na wanayasimulia kwa kuchekesha. Ndoa iliyovunjika inakaa chini ya Mnara, kazi iliyopotea chini ya Aliyetundikwa, na msomaji anacheka kila anapofunua. Wasomaji wa vitabu hivyo hawakubaliani. Wanaoziamini karata huona zimedhihakiwa. Wasioziamini huuliza karata za nini, si aseme tu yaliyompata. Wengine hucheka, kisha huona haya kwa kuyacheka machozi ya mtu. Jioni moja niliwaeleza wacheza arobastini habari hiyo, nikitaka kusikia watasema nini watu ambao karata wanazo mkononi kila siku.

Mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake aliniuliza, "Waitu, huyo aliyempangia karata ni nani?"

Nikamwambia kazipanga mwenyewe.

"Basi hiyo siyo ramli. Mganga hajigangi."

Kijana mmoja alitaka kujua ikitoka karata ya Kifo mwandishi anaifanyaje ichekeshe. Na mama aliyekuwa akipepeta maharage pembeni, ambaye nilidhani hatusikilizi, alisema bila kuinua uso, "Anacheka kwa sababu yake yamekwisha. Mimi yangu bado yako mtini."

Sisi wa Kagera tunajua alichokuwa akisema. Kuna biashara inayoitwa butura: mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa anauza kahawa yake ikiwa ingali ua au tunda bichi, kwa bei ya shida, na mavuno yanakuwa ya mnunuzi. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na bado haijaisha. Aliyeuza kwa butura anajua tayari mwaka wake utakwishaje. Atalipalilia shamba, ataona matunda yakiiva mekundu, naye si mwenye matunda. Ukimwomba acheke, unamwomba alipe kwa kitu ambacho ameshauza.

Nimekaa na majibu hayo matatu kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na vitabu vyenyewe. La mzee ndilo lililonishika zaidi. Mganga hajigangi: kila mtu anaijua methali hiyo, na kila mtu huichukua kama neno juu ya udhaifu wa mganga. Mimi naona inagusa jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba jibu la ramli hutoka kwa mwingine na huelekezwa kwa mwingine. Tazama linavyotengenezwa. Mteja haendi kuuliza nini kimetokea, hilo analijua. Mtoto amefariki, ng'ombe amekufa, duka limefungwa. Anakwenda kuuliza nani. Mpiga ramli anasema, "Kuna mtu wa karibu." Mteja anaitikia, "Taire." "Ni mwanamke." "Taire." "Mmewahi kugombana juu ya mpaka." "Taire." Kila taire inafunga mlango mmoja na kufungua mwingine, mpaka wanafika nyumbani kwa mtu. Mpiga ramli ataapa kwamba jina hakulitaja yeye, na mara nyingi atakuwa anasema kweli, kwa sababu lilijengwa na wawili na jiwe la mwisho liliwekwa na mteja.

Haya hayaishii katika maneno. Sheria ya Uchawi ya nchi hii ni ya mwaka 1928, iliyotungwa na wakoloni, na haikuvunja desturi ya kumtafuta nani. Januari 2015 Serikali ilitangaza vita dhidi ya wanaoitwa wapiga ramli chonganishi, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Nalipenda neno hilo, chonganishi, kwa ukweli wake: linataja kosa ambalo ni kuchonganisha, na halijishughulishi na utabiri. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, na macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa jiko walilowapikia wajukuu kwa miaka 50. Mwaka 2024, katika mkoa huu huu wa Kagera, wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu alinyakuliwa nyumbani na kuuawa. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo mganga wa jadi. Wako waganga wa mitishamba wanaofanya kazi yao kwa heshima chini ya sheria ya tiba asili ya mwaka 2002, na ramli hawaigusi. Siwazungumzii hao. Nazungumzia ile taire.

Karagwe ya zamani, ufalme wa huku kwetu, nayo ilikuwa na ramli yake ya kifalme. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863 ameeleza habari ya urithi wa kiti. Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe watatu waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kwa uzito lakini iliyojaa dawa, na ilisemekana haiinuliwi ila na yule ambaye mizimu imemtaka. Ndugu wawili walishindwa. Rumanyika aliiinua kwa kidole cha mwisho. Lakini kitabu hicho hicho kinasema pia kwamba Rogero, mmoja wa walioshindwa, aliingia vitani, na kwamba Musa, mfanyabiashara Mhindi wa Kaze, ndiyo Tabora ya leo, alimsaidia Rumanyika kwa watu wenye bunduki aliowakodi kwa pembe zake za ndovu. Ngoma ilichagua, bunduki zikaitikia taire.

Speke amenifundisha jambo jingine pia, bila kukusudia. Kitabu chake kina kicheko kingi, na sehemu iliyoandikwa ili kuchekesha ni ile anayosimulia alivyompima kwa futi mwanamke mnene wa nyumba ya kifalme: mkono, kifua, paja, muundi. Wanene wale walikuwa fahari ya ikulu. Walinyweshwa maziwa kwa makusudi. Yeye akawafanya kioja. Nimekisoma kipande hicho zaidi ya mara moja nikitafuta ni wapi mwanamke yule anasema neno lake mwenyewe juu ya vipimo vile, na sikupata. Hapo nikajua kwamba si kila kitabu kinachochekesha ni ndugu wa kile cha karata. Kumcheka mtu kwa vipimo ni kumpigia ramli: umeshasema yeye ni nani, kabla hajafungua kinywa.

Anayeyapanga maisha yake mwenyewe kwenye meza na kuyacheka anafanya kinyume. Anachukua chombo cha mpiga ramli, chombo kilichozoea kutafuta nani, na kila anapofunua karata, aliyechorwa pale ni yeye. Ndoa ilivunjika: Mnara. Nani kaubomoa? Mimi nilikuwa juu yake na nyundo. Msomaji anacheka kwa sababu alikuwa ameshajiandaa kuitikia taire juu ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hakuja. Kicheko ni lawama iliyorudi nyumbani ikakuta mlango wazi. Kwa hiyo namjibu mzee: ni kweli mganga hajigangi, na anayethubutu kujiganga ameacha uganga akaingia kazi nyingine, ngumu zaidi.

Katika karata za picha, ya Mjinga ndiyo ambayo mara nyingi hupewa namba sifuri. Katika seti inayojulikana kuliko zote, iliyotoka London mwaka 1909, anaonekana kijana amebeba kifurushi kwenye kijiti, uso juu, mguu ukingoni mwa jabali, mbwa mdogo akiruka kando yake. Aliyeichora ni Pamela Colman Smith. Mwanamke huyu aliishi Jamaica utotoni, na mwaka 1899, miaka kumi kabla ya karata, alichapisha kitabu cha hadithi za Anansi, buibui mjanja ambaye Waafrika waliouzwa utumwani walivuka naye kutoka Afrika Magharibi. Anansi kwao ni kama sungura kwetu. Nafurahi kujua kwamba mkono uliochora karata za kuagulia ulikuwa umeshazoea hadithi ambazo mnyonge anaokoka kwa akili na wasikilizaji wanacheka.

Mwitalia Italo Calvino naye, katika kitabu chake Il castello dei destini incrociati cha mwaka 1973, amewakutanisha wasafiri waliopotewa na sauti. Hawana njia ya kusimulia yaliyowapata ila kupanga karata za tarot mezani, na msimulizi anakisia. Karata moja inatumika katika maisha ya watu kadhaa, kila mmoja kwa maana yake. Karata haisemi. Anayesema ni anayetazama. Hili linamjibu kijana wa arobastini: karata ya 13 ni Kifo, na waaguzi wenyewe huwaambia wateja kwamba ni mabadiliko tu, msiogope. Mwandishi mkweli hasemi hivyo. Ikitoka sura ya kifo cha mama yake, ataweza kuchekesha juu ya sanda iliyonunuliwa fupi au mjomba aliyelia kabla ya kuuliza aliyekufa ni nani, lakini mama anabaki amekufa.

Na hapa ndipo msomaji anapopimwa. Wahaya, katika ngano zao, wana desturi ambayo mtafiti Peter Seitel aliifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Msimulizi hufungua kwa kusema kwamba amekuja na ameona, na wasikilizaji humjibu: ona, nasi tuone. Ngano husubiri jibu hilo. Liweke kando ya taire uone yalivyo mbali. Taire inasema: ni kweli, endelea, mtaje. Tuone inasema: bado hatujaona, tuonyeshe. Anayeitikia taire anataka jina la mtu. Anayesema tuone ameomba macho ya msimulizi kwa saa moja.

Wasomaji wanaogombana juu ya kumbukumbu za kuchekesha naona wamegawanyika hapo hapo. Anayeuliza kama karata ni za kweli anatafuta pa kuitikia taire. Anayeuliza nani hasa alimharibia mwandishi maisha, yule mume au yule mwajiri, naye yuko pale pale, ameshakaa kwenye jamvi la mpiga ramli. Nami natetea njia ya tatu: kucheka pale alipocheka, kunyamaza pale aliponyamaza, na kuona.

Mama wa maharage simpingi. Kicheko kinataka umbali, na umbali ni mali. Wapo wanaoupata kwa miaka na wapo wasioupata kamwe. Mtu asilazimishwe kuyacheka yaliyo bado mtini, wala asihesabiwe hana hekima kwa kutocheka. Kitabu cha karata ni cha mtu ambaye mavuno yake yamerudi mkononi mwake, hata kama ni machache. Ninachowaomba wanaonunua kahawa kwa butura ni kwamba wajue wanachukua na kicheko pia.

Jioni ile, baada ya maneno kwisha, mzee alikata karata akafunua moja: saba ya shupaza. Akaitazama. "Hii," akasema, "ni mwaka nilioenda Murongo na baiskeli ya kaka yangu nikarudi bila baiskeli." Watu wakasogea. Hakumtaja aliyeichukua, alitaja alivyokuwa amelala chini ya mgomba, kilemba cha mwanamke kimemfunika uso, na kwa nini. Mama aliacha ungo. Arobastini haikuendelea mpaka giza likaingia.