Mkono Uliozoezwa na Dhamiri

Kijana anayejizoeza kulenga shina la mgomba kwa mshale hauchukii mgomba ule. Anataka mkono wake uzoee, ili siku ya mawindo usitetemeke. Hakuna amlaumuye. Lakini ikiwa shina lile limesimamishwa mahali pa mtu, na kijana anafundishwa namna ya kumpiga mtu, je, kitendo chaanza lini: siku ya mazoezi, au siku ya vita? Na mkono ukiisha kuzoea hata ukatenda pasipo kungoja mawazo, mtendaji ni nani?

Iko nchi katika Uingereza, upande wa kusini-magharibi, iitwayo Devon. Huko kando ya bahari vimo vilima vya mchanga ulioletwa na upepo, vingine vyafikia urefu wa meta 30. Mahali hapo huitwa Braunton Burrows. Katikati ya vilima yamelala mabamba ya saruji yenye umbo la mashua. Mgeni hushangaa: nani aliyejenga mashua isiyoweza kuelea, tena mahali pasipo maji?

Walizijenga Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943 majeshi ya Marekani na Uingereza yalikuwa yakijitayarisha kuvuka bahari na kuwatoa Wajerumani katika Ufaransa. Pwani ya Devon, yenye mchanga mpana na maji yanayokupwa mbali, ilifanana na ile ya Normandie. Kwa hiyo mwezi wa Septemba walifungua huko shule ya mashambulio, chini ya Luteni Kanali Paul Thompson. Ili askari wajifunze kwanza juu ya nchi kavu, saruji ilimwagwa kwa kipimo cha mashua za kushushia askari. Watu kama 30 walisimama ndani, kila mmoja mahali pake: wakata seng'enge, wenye baruti, mwenye bomba la kurushia moto, wenye bunduki. Amri ikitolewa walitoka mbio kwa mbele, wakarudi, wakatoka tena, hata miguu ikajua njia bila kuulizwa. Kisha walikwenda kushambulia ngome ndogo zilizojengwa kwa mfano wa ngome za adui. Risasi zilikuwa za kweli. Ngome zilikuwa tupu.

Wengine watasema: askari aliyefundishwa hivi amekuwa chombo, na chombo hakina hatia wala sifa. Neno hili lina ukweli kidogo, lakini kidogo tu. Mama anayemvuta mtoto wake motoni hangoji kufikiri, wala hakuna asemaye kwamba si yeye aliyemwokoa. Mazoea hayamtoi mtu katika kitendo chake. Ni mapenzi yake ya jana yanayofanya kazi leo. Aliyekubali kufundishwa amekwisha kubali sehemu ya kitendo, na aliyefundisha vilevile, hata kama siku ya vita alikaa mbali. Kweli, wengi wa vijana wale waliitwa na sheria, hawakuchagua. Mzigo wao ni mwepesi kuliko wa wale waliowaita.

Tena yafaa kutazama yaliyotokea. Tarehe 6 Juni 1944 askari wa Regimenti ya 116, waliojizoeza Devon, walishuka katika pwani ya Normandie iliyopewa jina la Omaha. Mashua nyingi zilipotoshwa na mkondo wa maji. Viongozi wengi waliuawa mara tu mlango wa mashua ulipofunguka. Mwenye baruti alijikuta hapa, wenzake kule, wengine chini ya maji. Katika siku ile moja Wamarekani zaidi ya 2,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea katika pwani hiyo. Waliosalia walilala mchangani pamoja na watu wasiowajua, bila amri. Hapo somo la mashua ya saruji lilikuwa limekwisha. Ilimpasa kila mmoja achague: kubaki, kumvuta aliyejeruhiwa, au kupanda kilima. Walipanda wachache wachache, kwa njia ambazo hawakuzizoea.

Na huko juu ngome hazikuwa tupu. Walikuwamo Wajerumani, na katika majeshi yaliyoilinda Normandie walikuwamo pia Wapolandi na watu wa mataifa ya Urusi ya wakati ule, wengine wametiwa jeshini kwa nguvu. Katika ngome ya mazoezi hatoki mtu mwenye kuinua mikono. Katika ngome ya kweli aweza kutoka, tena kwa ghafula, mbele ya kijana ambaye kidole chake kimezoezwa siku nyingi kufyatua. Nafasi ile ni fupi kuliko pumzi moja. Je, aweza kujizuia? Anayesema hawezi anawadharau wale waliojizuia. Anayesema ni rahisi hajui mazoea ni kitu gani.

Siku hizi vilima vya Braunton vyajulikana zaidi kwa maua na vipepeo vyake, na ni sehemu ya hifadhi inayotambuliwa na Unesco. Saruji haikung'olewa yote. Baadhi ya mashua zile zimesafishwa na kutengenezwa na watu wasiopenda zipotee. Upepo huleta mchanga juu yake, kisha huuondoa. Mtu akisimama ndani hujua mara moja upande gani ulikuwa mbele, maana bamba la mlango limelala bado pale pale, limefunguliwa.