Kitambulisho na Mtu Mwenyewe

Swali hili lastahili kufikiriwa katika kila nyumba: je, kitambulisho humfanya mtu kuwa yule aliye, au humshuhudia tu? Faida yake hatuikatai. Serikali haiwezi kuwajua raia wake wote kwa sura, wala karani wa benki hathubutu kumkabidhi mgeni fedha za mwingine. Kadi yenye picha huzuia udanganyifu, na mwenye haki huipata haki yake.

Lakini shahidi aweza kugeuzwa kuwa bwana. Tazameni yaliyotokea Kenya. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande. Wengi walikitia katika kikebe cha bati na kukivaa shingoni. Humo mliandikwa jina la tajiri wake na mshahara wake. Na tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Mzungu hakutakiwa kuchukua kitu cha namna hiyo. Kipande kilitaka hasa kujua mtu huyu ni wa tajiri gani. Sheria mpya ya mwaka 1947 ndiyo iliyokiondoa.

Rwanda iliona mabaya zaidi. Tangu miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wabelgiji, hati ya kila mtu ilimtaja kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumtia mtu mautini. Baada ya mauaji yale liliondolewa katika vitambulisho.

Basi yatupasa kushika mambo mawili. Kwanza, kadi na iulize yale tu yanayohitajiwa ili kumtambua mwenyewe, wala isiwe kipimo cha thamani yake. Pili, asiyekuwa nayo asihesabiwe kuwa si kitu. Bibi aliyezaliwa kijijini pasipo cheti anao majirani waliozeeka pamoja naye; ushahidi wao usidharauliwe.

Wazazi, andikisheni watoto wenu mapema, wasije wakahangaika ukubwani. Nanyi mnaokaa madirishani pa ofisi, mtu akifika mikono mitupu, msimjibu kana kwamba hayupo. Yupo mbele yenu, naye alikuwa mtu kabla jina lake halijaandikwa popote.